Kiti cha Luka Mbonile

Mdogo wangu alipofariki, mchungaji aliniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kabla ya kwenda makaburini. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, nilifika kidato cha nne, na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika nusu ukurasa. Kwamba alizaliwa mwaka 1973 katika milima ya Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Yonasi Kibona. Kwamba alimaliza darasa la saba mwaka 1989. Kwamba aliajiriwa mwaka 2002 kuwa afisa maendeleo ya jamii, akahudumu Ivuna mpaka figo zilipomshinda na Bwana akamwita, Machi 2014. Kwamba ameacha mjane, Enesi, na watoto watatu.

Mchungaji Gwamaka aliusoma vizuri. Lakini mtu wa kuhesabu angejiuliza ni darasa la saba gani hilo la kumaliza na miaka kumi na sita. Na pale juu nilikuwa nimeandika: Tuntufye Kibona, aliyejulikana pia kama Luka Mbonile. Watu wa ofisini kwake walikaa upande wa kulia, wakamlilia Luka. Sisi tulikaa kushoto, tukamlilia Tuntufye. Hakuna aliyeuliza. Msibani watu hawaulizi, wanakwenda kuulizana njiani.

Watoto wake wameanza kuniuliza. Basi nawaandikia haya, niliyoyaacha siku ile, na Mungu anisaidie nisiongeze wala kupunguza.

Tuntufye alimaliza darasa la saba mara ya kwanza mwaka 1987. Katika shule yetu walichaguliwa watoto watatu tu kwenda sekondari, na yeye hakuwamo. Alikuwa na akili, kila mwalimu alisema hivyo, lakini nafasi zilikuwa chache. Kwa siku mbili baba hakugusa jembe. Siku ya tatu alivaa koti lake la kanisani, akavuka mabonde mawili hadi shule nyingine ambako mwalimu mkuu alikuwa mtu waliyeimba naye kwaya Mbozi Mission walipokuwa vijana.

Mwalimu alimwambia ana kiti kimoja darasa la sita. Kilikuwa cha mtoto aitwaye Luka Mbonile. Baba yake Luka alikuwa amekufa, na mjomba wake amemchukua kwenda kuishi naye Zambia, lakini jina lake bado lilisomwa kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, na kila asubuhi darasa zima lilijibu, "Hayupo."

"Nitamleta wa kuitika," baba akasema.

Wakati ule jambo hilo halikuwa geni. Kila kijiji kilikuwa na mtoto aliyerudia shule kwa jina la mwenzake. Baba alimkalisha Tuntufye jikoni, sisi wote tukisikia, akamfundisha maneno kama anayefundisha katekisimu. "Ukiitwa Luka, itika. Ukiulizwa baba yako, ni Mbonile, amekufa. Ukiulizwa mimi ni nani, mimi ni baba yako mkubwa, nimekulea." Halafu akatugeukia sisi. "Na nyinyi pia. Neno ni hilo moja. Asionekane mtu wa kusema lingine."

Tukalisema neno hilo miaka ishirini. Tulilisema sekondari ilipotaka jina la mzazi, na tukalisema chuo kikuu kilipotaka cheti cha kuzaliwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyekubali hata mtoto aongope kwamba amekwisha nawa mikono, lakini neno lile alilisema bila kupepesa jicho. Nadhani mwishowe aliliamini.

Tuntufye mwenyewe hakulizoea. Ukimwita ghafla "Luka," alichelewa kidogo kugeuka, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba mwenyewe hayupo karibu. Kazini alikuwa mtu wa viatu vya mpira na daftari. Alijua kila kisima cha huko Ivuna na jina la kila mama anayechemsha chumvi, na alikuwa akigombana na wakubwa wake kuhusu barabara mpaka wakimwona wanakumbuka safari. Kwa nje alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa na jambo linalomkaa kooni. Mimi nilidhani ni kazi tu.

Mwaka 2008 alikuja kwangu Tunduma na fomu. Nilikuwa nao, na bado ninao, mgahawa mdogo karibu na mpaka, chai na maandazi asubuhi, ugali na maharage mchana. Alisubiri wateja wapungue, akaifungua bahasha juu ya meza.

"Dada, kuna mfuko wa wafadhili unasomesha shahada ya pili. Utawala wa umma. Nafasi kumi na mbili nchi nzima. Wanataka watu watakaokuja kuwa viongozi kwenye utumishi. Ukimaliza unarudi kuitumikia serikali miaka mitano."

"Na wao wanapata nini?"

"Watumishi wazuri."

"Wa nani?"

Akacheka. "Wa kwetu, dada. Wa nani tena?"

"Mtu wa mbali akulipie ada, akulishe, akupe na nauli, na faida yake ni kwamba Ivuna itapata barabara? Mdogo wangu, hata ng'ombe halishwi bure."

"Wanasema asizidi miaka thelathini na mitano," akasema. "Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu. Kwa miaka yangu ya kweli."

Hayo maneno, miaka yangu ya kweli, yalipaswa kunishtua, maana kwenye karatasi zote alikuwa na miaka ya Luka. Sikuyasikia, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye fomu. Walitaka majina ya watu watatu waliomjua kabla hajafika miaka kumi. Walitaka mchoro wa njia ya kufika nyumbani kwao. Chini kabisa iliandikwa kwamba mtu wa mfuko angefika kuhakikisha. Kuhakikisha nini? Mtu anayetaka kukupeleka chuo ana shida gani na ulivyokuwa mtoto? Niliona mtego ulio wazi. Ofisini kwake palikuwa na watu waliokuwa wamechoka na daftari lake, na mmoja wao, nikajiambia, amesikia habari za jina.

"Hapa wameuliza nini?" nikasema, nikionyesha kurasa mbili alizozifunika kwa kiganja.

"Swali la insha. Nimejibu."

"Umejibu nini?"

"Kilichoulizwa."

Hakuniambia zaidi. Alikula, akapanda gari la Mbeya kwenda kuposti.

Sasa ni lazima niwaeleze habari za Luka mwenyewe, maana alikuwepo. Alirudi kutoka Zambia mwaka 2001, akawa anabadilisha fedha hapo mpakani, mita hamsini kutoka mlangoni kwangu, bunda la kwacha mkono mmoja na shilingi mkono mwingine. Alijua. Siku aliyokuja kujitambulisha alisema tu, "Mimi ni Luka wa marehemu Mbonile, dada Yunisi, mukwai," kwa ile heshima ya Kizambia, akatabasamu. Nilimpa chai ya baridi na jibu fupi. Hakurudi kula kwangu. Alinisalimia kila asubuhi kwa mbali, hakuomba kitu, hakutaja kitu. Mtu ambaye angeweza kukuangamiza na anakusalimia kila siku, unalalaje? Tuntufye alipokuja mjini nilimpitisha mlango wa nyuma wasikutane.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, aliingia mgahawani bwana mmoja wa makamo, shati jeupe, begi la ngozi. Akaagiza chai ya rangi bila sukari, akainywa polepole huku akitazama watu. Akalipa, akatoka. Kabla sijafuta meza, Zaitun akaingia. Zaitun ni mtu wa Kigoma, anauza vitenge kibanda cha jirani, na hakuna kinachompita.

"Mama Agnes, umemwona yule? Ana kalamu mbili mfukoni. Mtu mwema ana kalamu moja."

"Wa kodi?"

"Wa kodi halipi chai. Huyu kalipa. Ndiyo maana nakuambia." Akainama sikioni kwangu. "Kaniuliza kama namjua Luka Mbonile."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwonyesha. Si yule pale wa kwacha?"

Nikachungulia. Luka alikuwa amemwona mgeni akija, akadhani ni askari, akasukumia noti kwenye soksi. Mgeni akampa mkono. Wakasogea kwenye uzio wakazungumza, na kadiri walivyozungumza Luka alilegea, akaanza kucheka, akaonyesha kwa kidole upande wa milima yetu, kisha akaonyesha mgahawa wangu. Nusu saa nzima. Yule bwana akiandika.

Nikajua tumeuzwa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikampigia baba.

"Baba, atakuja mtu huko. Ni ile habari."

"Ya baba mkubwa?"

"Hiyo hiyo."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno, baba."

Niliporudi, mgeni alikuwa ameketi pale pale alipoketi mwanzo. Alijitambulisha kwa jina la bwana Shaban, kutoka kwenye mfuko. Alikuwa na sauti ya upole, na upole huo ndio ulionitisha zaidi. Akauliza kama namfahamu Luka Mbonile, mfanyakazi wa Ivuna.

"Ni mdogo wangu. Mtoto wa baba mdogo Mbonile, aliyekufa. Baba yangu ndiye aliyemlea."

"Tangu kuzaliwa anaitwa Luka?"

"Tangu kuzaliwa."

"Hakuwahi kuwa na jina lingine?"

"Hakuwahi."

"Na hapa mjini, kuna mtu mwingine mwenye jina hilo?"

"Hakuna."

Akageuza shingo kuelekea uzio. "Yule kaniambia yeye ndiye Luka Mbonile."

"Yule? Yule ana jina jipya kila siku. Kichwa chake kiliharibikia Zambia. Muulize mtu yeyote."

Bwana Shaban aliweka kalamu chini. "Mama, naomba ufikiri kabla sijaandika. Sikuja kumtafutia mdogo wako ubaya. Hakuna jibu litakalomdhuru kama lisilokuwa la kweli."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi nikiwa nimepiga magoti. Siku ile nilijiambia kwamba hivyo ndivyo wanavyosema askari wote. Nikasema nina hakika. Akaandika, akanisomea, nikatia sahihi yangu nzuri ya sekondari.

Kesho yake alipanda Ileje. Baba alimpokea na koti la kanisani, akalisema neno lote, na kwa kuwa mgeni alimwuliza mara mbili, baba akaapa. Mimi nilimwomba aseme tu, sikumwomba aape.

Jumamosi Tuntufye akaja. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyezima moto. Nilimsimulia kila kitu nikiwa nakanda unga, jinsi Luka alivyotuuza na jinsi tulivyomwokoa. Nilipogeuka nikamwona amekaa kwenye gunia la mkaa, suruali yake nzuri ya ofisini, hana habari.

"Ulimwambia hakuna Luka mwingine?"

"Ndiyo."

"Na baba kaapa?"

"Kaapa."

"Dada, niliwaandikia," akasema. "Zile kurasa mbili. Swali lilikuwa, eleza kosa ambalo hujivunii na unachokusudia kufanya juu yake. Niliwaandikia yote. Kwamba jina si langu. Kwamba mwenyewe yuko Tunduma anabadilisha fedha, wamuulize kama ana kinyongo. Kwamba nikipata au nisipate nafasi nitampelekea mwajiri wangu habari hii kwa mkono wangu. Yule bwana alikuja kuona kama nasema kweli."

Nikasema la kijinga. "Kwa nini hukutuambia?"

"Mngenizuia."

"Tungekuzuia, ndiyo. Ungefukuzwa kazi."

"Nisomee utumishi wa umma kwa jina la mtu mwingine, halafu nirudi nikawaambie watu wa Ivuna wasighushi orodha za mbolea ya ruzuku?" Hakupaza sauti. "Nilikiri uongo wangu mara moja maishani. Nyinyi mmekwenda kushuhudia kwamba kukiri kwangu ndiko uongo."

Akaondoka bila kula. Kwetu mtu haondoki kwa dada yake bila kula.

Niliomba siku tatu. Sikuhitaji sauti kutoka mbinguni. Lililopaswa kufanywa nililijua tangu ile Jumamosi, niliomba tu lipatikane lingine. Halikupatikana. Nikapanda kwa baba.

"Andika mwenyewe," baba akasema. "Mimi nimeapa. Unataka nirudi kwa Mungu nimwambie nilitania?"

"Baba, Mungu anajua."

"Basi kama anajua, hahitaji karatasi." Akachukua jembe akaenda shambani, jua la saa nane. Hatukulizungumza tena.

Ikabaki nimwendee Luka. Nilivuka zile mita hamsini na vitumbua vitano kwenye sahani, mbele ya wabadilisha fedha wote.

"Nilimwambia yule bwana kwamba kichwa chako kimeharibika," nikasema.

"Nilisikia, mukwai. Zaitun aliniambia kabla hujamaliza kusema." Akachukua kitumbua. "Kimeharibika kweli, lakini kwacha hazinipigi chenga."

"Nilidhani umetuuza."

"Kwa nani? Aliniuliza kama nina kinyongo. Nikamwambia, mzee, mimi nilikikimbia kile kiti. Hesabu za darasa la sita zilikuwa zinanitoa jasho. Halafu nikiwa zangu kule Zambia, mjomba akaletewa habari kwamba Luka Mbonile amefaulu kwenda sekondari. Alinichinjia kuku. Sijawahi kuchinjiwa kuku mwingine kwa ajili ya shule." Akacheka na kufuta mafuta midomoni. "Akaandika hata habari ya kuku."

Tulikwenda pamoja kwa wakili, tukaapa wawili, mimi na Luka, yaliyo ya kweli. Nilieleza kwamba maneno yangu ya mwanzo yalikuwa ya uongo na kwa nini. Nikaupelekea mfuko bahasha kwa basi la Dar es Salaam, nikamsihi kondakta kama mtu anayemkabidhi mtoto.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa Tuntufye, kupitia anwani yangu. Alikuja kulisomea mgahawani. Mfuko ulimshukuru. Ulisema maelezo ya mwombaji na ya familia yake yamegongana, kisha ya familia yamegongana yenyewe kwa yenyewe, na kamati haikuweza kujua lipi la kushika. Nafasi zimejaa. Wanamtakia heri.

Mpaka leo sijui kama ile bahasha yangu ilisomwa, au nafasi zile kumi na mbili zilikuwa na wenyewe tangu mwanzo. Huwa napenda kuamini hili la pili, kwa sababu linanipunguzia mzigo, na kwa sababu hiyo hiyo silitegemei. Kwa mwajiri wake alipeleka barua mwezi ule ule, kama alivyoahidi. Aliambiwa jambo lake linashughulikiwa. Lilikuwa bado linashughulikiwa tulipomzika.

Lakini siku ile ya jibu, alikunja karatasi mara mbili, akaomba ugali. Nilimpakulia mwingi kuliko kawaida. Alikula wote. Kisha akaniuliza, "Dada, ulipokuwa unamwambia yule bwana hakuna Luka mwingine, Luka alikuwa wapi?"

"Pale. Kwenye uzio."

"Mgeni akimwona?"

"Akimwona."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kichwa mezani, na sikuweza kujua lini kicheko kiliisha na kikaanza kile kingine. Nilimshika bega, nikasubiri. Alipojifuta uso akainuka, nami kwa mazoea nikaufungua mlango wa nyuma.

Akapita wa mbele. Akasimama barabarani, kati ya malori, akaita kwa sauti iliyofika mpakani. "Luka Mbonile!"

Mwenzake akageuka na mabunda yake. "Naam, Luka Mbonile!"

Nikatazama kulia na kushoto nione ni nani anasikiliza. Zaitun alikuwa anapima kitenge kwa mkono. Dereva mmoja alikuwa anagombana na tingo wake. Hakuna aliyegeuka.